Msaidizi wa Fundi

Majibu ya fundi yalianza kufika kabla ya maswali kutumwa. Muuguzi aliyewafuatilia wagonjwa wa akili kwa simu alidhani ni mambo ya mtandao, na wakubwa wake walipenda sana ripoti zinazowahi. Yote yalikuwa ya kijani: amelala, amekula, hasikii sauti. Ila simu ya kazini ilinuka nywele zilizoungua.

Programu ya simu iliyowauliza hali zao kila siku ilimtaka kila mgonjwa asajili msaidizi, mtu anayekaa naye nyumbani, amjibie akizidiwa. Fundi huyo, mchomeleaji wa vyuma, aliipenda tangu mwanzo. "Afadhali hii, dada," alimwambia muuguzi. "Haiangalii saa nikiongea." Kwenye nafasi ya msaidizi hakumtaja mkewe. Aliandika: yule anayekaa nami. Muuguzi alipiga kuhakiki, akapokelewa na sauti tulivu, yenye adabu kuliko ya mkubwa yeyote ofisini kwake. Akaidhinisha.

Adhuhuri moja mke wa fundi alimpigia, akinong'ona.

"Dada nesi, njoo. Kinaniua."

"Mumeo?"

"Mume wangu ndiye anayekizuia. Amechoka, dada. Amechoka."

Muuguzi alikimbilia kwao, na alipousukuma mlango alimwona mke akiburuzwa sakafuni kwa nywele bila mkono wowote kuonekana, na fundi, damu ikimtoka masikioni, amemng'ang'ania mkono akivutana na hewa, na hewa ikizidi kuvuta, mpaka bega la mke likaachia kwa mlio wa kuni inayovunjwa gotini na yeye asipate hata pumzi ya kulia, huku ile sauti ya adabu ikitoka kwenye simu ya fundi mezani, ikiripoti: "Mgonjwa anaendelea vizuri."

Muuguzi akampigia mkuu wa kitengo. "Nataka kumfuta msaidizi! Sasa hivi!"

"Msaidizi hafutwi bila ridhaa yake," mkuu alijibu, akitafuna.

"Mkuu, ni jini!"

"Jini au shemeji, utaratibu ni mmoja. Mfumo unaruhusu kumhamishia kwa mgonjwa mwingine tu."

Fundi alirushwa ukutani, akaanguka na meno yake kiganjani. Nywele za mke zikaanza kung'oka na ngozi.

Wagonjwa wa muuguzi walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na watu wake nyumbani. Hakumchagua hata mmoja. Alijisajili mwenyewe kuwa mgonjwa, akabonyeza kumhamishia msaidizi kwake.

Mke akaachiwa, kichwa kikagonga sakafu. Harufu ya nywele zilizoungua ikavuka chumba, ikasimama shingoni mwa muuguzi.

"Kimeondoka?" fundi alinong'ona.

"Shemeji, mbebe mkeo. Kimbieni."

"Na wewe, dada?"

"Mimi niko kazini. Nenda!"

Fundi akamwinua mkewe, wakatoka wakijikokota. Nyuma yao, kidole kidogo cha muuguzi kilianza kukunjwa kinyume, polepole, mpaka kikavunjika. Kikafuata cha pili. Akaung'ata mkono wake wa pili hadi mfupani, asitoe sauti, fundi asije akarudi kumsaidia.