Jinsi Isidro Alivyokufa

Kila siku saa kumi na moja jioni, mji wa Goya, kaskazini mwa Argentina, ulipoamka kutoka usingizi wa mchana, Nadina Barrios alichomeka waya wa gitaa lake kwenye spika na kuanza kelele zake. Kabla ya hapo asingethubutu. Kwao, kupiga ngoma wakati watu wamelala mchana ni sawa na kumtukania mtu mama yake. Basi yeye na wenzake wawili, Lautaro wa gitaa la besi na Fabricio wa ngoma, walikaa kwenye banda la gari la kina Nadina wakila mikate midogo ya jibini, wakisubiri majirani wafungue madirisha.

Walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mwaka ule walikuwa na wimbo. Tarehe pili Aprili shule ingeadhimisha miaka ishirini na mitano tangu vita vya visiwa vya Malvinas, ambavyo nchi yao ilipigana na Uingereza. Bendi ambayo ingependeza siku hiyo ingepelekwa Corrientes, makao makuu ya jimbo, kwenye mashindano ya muziki wa roki ya shule, na mshindi wa huko angerekodiwa na redio. Nadina aliiota redio hiyo usiku na mchana.

Wimbo aliutunga mwenyewe. Ulimhusu Isidro Ledesma, kijana wa mtaa wao aliyepelekwa vitani akiwa na miaka kumi na tisa na hakurudi. Katika wimbo, Isidro alikuwa chui wa kilimani. Alibaki peke yake na bunduki, akapiga mpaka risasi ya mwisho, akaanguka na bendera kifuani. Nadina hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Aliamini tu kwamba mashujaa hufa hivyo.

Jioni moja mjomba wake Evaristo alikuja kurudisha ngazi, akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia Isidro alikufa hivyo?" akauliza.

"Si ndivyo walivyokufa wote, mjomba?"

Evaristo naye alikwenda kwenye vita vile, lakini nyumbani hakuna aliyewahi kumsikia akivitaja. Yeye na wenzake waliporudi waliwekewa karatasi mbele na wakubwa wa jeshi wakasaini kwamba watafunga midomo, naye aliufunga wake. Sasa aliiegemeza ngazi ukutani.

"Nilikuwa naye handaki moja," alisema. "Hatukuwa na chakula. Kilikuwepo ghalani, lakini sisi hakikutufikia. Isidro akatoka kutafuta kondoo wa watu. Luteni wetu akamkamata. Wetu, unanisikia? Si Mwingereza. Akamlaza kwenye matope, akamfunga mikono na miguu kwenye vigingi vya hema, usiku kucha, kwenye baridi ile. Nilipomfungua asubuhi hakuweza hata kunitukana. Siku ya pili yake akafa. Waingereza walikuwa bado hawajafika."

Fabricio aliviweka vijiti vyake vya ngoma chini. Nadina alihisi aibu, halafu akahisi hasira, kwa sababu sherehe ilikuwa wiki ile ile.

"Lakini mjomba, mwalimu mkuu ameshaupitisha wimbo. Ameupenda."

"Basi uimbeni. Ila jina la Isidro litoeni."

Jina halikutolewa. Nadina alijua vizuri kwamba bila jina lile wimbo ungekuwa kelele tupu, na mtaani hakuna ambaye angelia. Aliwaambia wenzake kwamba mjomba alikuwa amezeeka na huenda alikuwa anachanganya mambo. Mjomba alikuwa na miaka arobaini na minne.

Siku ya sherehe, wakubwa wa mji, ambao hawakuwahi kulala na njaa hata siku moja, walisoma hotuba ndefu juu ya kujitolea. Mbele kabisa alikaa mama yake Isidro, Bi Eleuteria, na shada la maua mapajani. Kila mwaka walimpa shada kama hilo. Bendi ikaanza, na watoto wakaruka kwenye viti.

Isidro, chui wa kilima,
risasi ya mwisho mkononi!

Katika ubeti wa pili Bi Eleuteria alisimama. Akaliacha shada kitini, akapita katikati ya watu, akatoka. Nadina alimwona. Angeweza kunyamaza, lakini aliendelea kuimba, tena kwa sauti kubwa zaidi. Walishangiliwa sana, na bendi ikachaguliwa kwenda Corrientes.

Jumapili yake ndugu walikusanyika uani kunywa mate, chai chungu ya majani ya kwao. Mjomba Evaristo ndiye aliyekuwa anamimina. Kikombe kilizunguka kwa zamu, kila mtu akivuta kwa mrija uleule: mama, baba, shangazi. Zamu ya Nadina ilipofika, mjomba alikijaza akampa mtu aliyefuata.

"Umemruka mtoto," mama yake alisema.

"Najua."

Kwao mtu harukwi mate hivi hivi, labda awe mwizi. Nadina aliinuka, uso unamuwaka, akaenda moja kwa moja kwa Bi Eleuteria.

"Umeniletea maua na wewe?" bibi alimuuliza mlangoni.

"Hapana, bibi. Nimekuja kuomba radhi. Nilijua jinsi Isidro alivyokufa. Mjomba aliniambia kabla ya sherehe, nami nikaimba vile vile."

"Bora ungekuwa hujui," bibi alisema. "Evaristo aliponiambia, mimi peke yangu, nilikwenda kwa wakubwa wote wa mji huu. Nikawaambia semeni, mwanangu alikufa kwa njaa na kwa mkono wa luteni wake. Nilikuwa nikimtumia soksi na peremende za viazi vitamu, hazikufika. Wakanipa maua. Halafu nikasikia watoto wana wimbo wa roki. Nikasema, hao hawaogopi mtu, hao watasema. Kumbe na ninyi ni wale wale!"

Nadina alirudi nyumbani akaufuta wimbo wote, akauandika upya. Chui hakuwemo. Kulikuwa na kijana, kondoo, vigingi na jina la Isidro. Mwalimu mkuu alipousoma, alisema watu hawaendi kwenye tamasha kulilia njaa, na kwamba wakiimba hayo wasilitaje jina la shule. Baba yake Fabricio, aliyefanya kazi ofisi ya meya, alimkataza mwanawe kwenda. Corrientes walikwenda wawili, bila ngoma.

Waliimba vibaya kidogo, mapigo yakiwapotea. Wachache walipiga makofi, mtu mmoja akazomea, na tuzo ikaenda kwa bendi iliyoimba mapenzi ya likizo.

Nje, Bi Eleuteria alikuwa anawangoja. Alikuja kwa basi la asubuhi, pamoja na Evaristo.

"Tumeshindwa, bibi," alisema Nadina.

"Mmeshindwa, ndiyo. Sikudanganyi, mjukuu wangu, ukweli mara nyingi haulipi. Lakini shika neno hili. Kumsifu mtu kwa jambo asilolifanya ni uongo kama uongo mwingine, na ni mbaya zaidi akiwa amekufa, maana hawezi kuukataa. Ukitaka kumheshimu, useme yaliyompata, hata kama yanawaudhi wakubwa. Leo ukumbi mzima umesikia yaliyompata mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa nayasema peke yangu."

Evaristo alimwekea Nadina mkono begani. Nadina alilia. Hakuwa na hakika kama analia kwa ajili ya Isidro au kwa ajili ya redio, maana redio aliitaka bado.

Bi Eleuteria hakumuuliza. Aliwatazama yeye na Lautaro, wamebeba magitaa yao, midomo imewakauka.

"Mmekula?"

"Bado, bibi. Tangu asubuhi."

"Basi twendeni," alisema, akatangulia. "Mtoto hakai na njaa mbele yangu."