Kurasa Kumi na Moja za Riwaya ya Pili

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Sumaya alifungua droo yake katika maktaba ya chuo, Goma. Kaye yake ya buluu, daftari la kazi ya mwaka aliloliacha humo Ijumaa, haikuwamo. Ndani yake alikuwa amelinganisha riwaya mbili za sayansi ya kubuni. Katika moja, daktari anawachanja watu wa kisiwa dawa isiyojaribiwa. Katika nyingine, mtafiti anamfanyia dada yake jaribio bila kumwambia. Kazi ilitakiwa ifike sekretarieti kabla ya Jumatano saa sita. Bila kaye, mwaka ulikuwa umekwenda.

"Papa Zihindula, nani aliingia hapa Jumamosi?"

Mzee mwenye funguo alifungua daftari la wageni. "Batu wawili tu. Josias, saa nane. Wivine, saa tisa. Unatafuta nini, binti? Kile kitabu kisicho na mwisho?"

"Hapana. Hicho ninacho. Kaye ndiyo imepotea."

Papa Zihindula alitikisa kichwa. Riwaya ya pili ilifika Goma ikiwa imeng'oka kurasa kumi na moja za mwisho, na nakala nyingine haikuwepo mjini.

Josias, mwanafunzi wa ufundi wa maji, alikuwa uani, akila maandazi, kaye ya buluu kwapani. Sumaya akanyoosha mkono.

"Naomba niione."

"Ona tu, mpelelezi." Akaifungua: michoro ya mabomba ya maji, ukurasa kwa ukurasa. "Mimi riwaya zenu siziwezi. Muulize Wivine. Leo asubuhi saa moja na nusu ameweka kazi yake sekretarieti, kuhusu riwaya hizo hizo. Nilifikiri mumegawana."

Wivine alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza; walipikiana, mwaka ule walilala chumba kimoja.

Kazi zilizowekwa hulazwa mezani sekretarieti, yeyote azisome kabla ya siku ya kutetea. Saa tano Sumaya aliketi na ya Wivine. Ukurasa wa thelathini na nane ulisema: *Mwishoni mtafiti anapiga magoti mbele ya dada yake na kumwomba msamaha.*

Akausoma mara mbili. Hakuna mtu Goma aliyejua mwisho wa riwaya ile. Ule msamaha aliutunga yeye mwenyewe, kwa penseli kwenye kaye yake, kwa sababu alishindwa kukubali dada yule aachwe bila neno. Alikusudia kuufuta.

Alimkuta Wivine kwenye korido.

"Riwaya ya pili inaishaje, dada?"

"Anaomba msamaha."

"Umeusoma wapi?"

Wivine akatazama sakafuni. "Miezi mitatu nilikuwa Kanyaruchinya na mama, kambini kwa waliokimbia vita. Sikusoma hata kitabu kimoja. Nikifeli tena, familia haitanirudisha shule. Ningekuomba, ungekataa."

"Hukuniomba."

"Wewe mwepesi, ungeandika nyingine kwa siku mbili."

"Ndivyo alivyosema daktari wa kisiwani: miili yao ina nguvu, watapona." Sumaya alimsogelea. "Ningekupa riwaya ile ya kwanza, Wivine. Tungesoma pamoja usiku mzima. Kaye iko wapi?"

Wivine aliitoa kwenye mkoba. Jalada lilikuwa limechanwa, mahali palipokuwa na jina.

"Utawaambia?"

Sumaya aliipokea, akaenda hadi mlango wa mhadhiri wao. Akabisha. Wivine hakukimbia. Alikuja akasimama nyuma yake, karibu, kama walivyozoea kusimama wakingojea pointi zao za mtihani.