Sikio la Dada

Rafiki yangu mmoja, dobi wa zamu ya usiku hospitalini, ana ugonjwa wa baipola: mwezi huu anapaa, mwezi ujao hata kitanda kinamshinda. Akikosa usingizi husikia yasiyokuwepo. Kwa hiyo yeye na dada yake waliwekeana utaratibu: akisikia kitu, apige simu, dada asikilize.

Usiku ule mashine zilikuwa zimezimwa. Kutoka chumba cha mashuka, gizani, kulitoka kikohozi kikavu, halafu kandambili zikiburuzwa. Kikohozi kile alikijua: walikizika mwaka jana pamoja na mama yao. Akapiga simu.

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, dada."

"Haya, weka spika. Na akiwa paka tena, nitakuja kukuchapa."

Akainyoosha simu kuelekea gizani, akiomba moyoni aambiwe yaleyale ya siku zote: sisikii kitu, mdogo wangu. Bila maneno hayo asingeweza kuiamini akili yake hadi asubuhi.

Kikohozi kikarudi. Dada aliposema, hakuwa akisema naye.

"Mama," aliita taratibu, "mbona umemfuata mpaka kazini?"