Jina la Ukurasa wa Sita

Siku waliyokutana, Maroa Chacha alikuwa amebeba kompyuta ya mezani begani kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi, akipenya katikati ya umati wa siku ya soko mjini Migori. Mbele yake msichana mwenye gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe alikuwa ameziba njia, akibishana na muuza karatasi. Alitaka rimu nne za karatasi za kung'aa. Homa Bay zimekwisha, alisema, kwa sababu wiki hii mazishi ni mengi.

"Dada, nipishe. Hiki kitu ni kizito."

"Na mimi nina maiti watatu wananingoja," msichana akajibu bila kugeuka. "Nani ana haraka zaidi?"

Maroa akaitua kompyuta chini ili amtazame vizuri. Dakika kumi baadaye alikuwa amebeba rimu nne badala yake, na kompyuta ya mteja ameiacha kwa mwenye duka la dawa, aliyempangisha chumba cha nyuma cha kutengenezea mashine.

Msichana aliitwa Phelesia Adhiambo. Kule Homa Bay alitengeneza vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu kwenye jalada, historia ya maisha yake, orodha ya watoto, wajukuu na wakwe, kisha nyimbo. Kila Alhamisi alichapa, kwa kuwa Ijumaa miili hutoka mochari na Jumamosi watu huzikwa. Wakati wake wa kupenda ulikuwa kuanzia Jumapili hadi Jumatano, naye alimweleza Maroa hivyo waziwazi.

Mapenzi yao yalikaa zaidi kwenye simu. Akishafunga kazi, Phelesia alipiga na kuuliza, "Fundi, umekula?" Maroa alijibu kwamba amekula waya mbili na skrubu moja. Phelesia alimwambia Wakuria ndivyo walivyo, hata chuma wanatafuna. Maroa alimwambia yeye angalau chakula chake hakitokani na vifo vya watu. Walicheka, kisha wakasikilizana wakipumua mpaka salio likaisha.

Januari Maroa alimpeleka kwao Kegonga. Mama yake alichinja kuku, akajifunga leso ya buluu iliyotoka sandukuni, akapigwa picha na mgeni mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza alifumba macho. Tangu hapo Maroa alingoja zamu yake ya kupelekwa Asumbi, kwenye boma alilolelewa Phelesia na nyanya yake. Zamu haikuja. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Ngoja kidogo. Kuna mtu lazima akubali kwanza." Hakuuliza ni nani. Alikuwa na kiburi, na kiburi hakiulizi mara mbili.

Juni nyanya akafariki. Maroa akasema atakuja kumzika. Phelesia akasema, kwa sauti iliyochoka, "Usije kwanza, Maroa. Nitakueleza." Hakueleza. Maroa akajibu sawa, kwa sauti ya mtu ambaye kwake haikuwa sawa hata kidogo.

Jumatano ya wiki ya mazishi Phelesia alitokea mlangoni mwa chumba cha nyuma, amefunga kitambaa cheusi kichwani, laptopu ameizungushia leso kama mtoto mchanga. Tangu alfajiri ilikuwa inazunguka, inageuka buluu, inazima. Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha nyanya yake. Nyanya mwenyewe alikisimulia katika miezi yake ya mwisho, akiwa ameketi kitandani, akichagua picha, akiamua nani ataandikwa wapi na nani asamehewe. Hakuna nakala nyingine. Yeye anayewagombeza wateja kila siku waweke nakala.

"Ni sauti yake, Maroa. Kila sentensi. Naomba unitolee hiyo tu, mengine yapotee."

Maroa alichomeka flashi yake ya uokoaji, ile aliyoitengeneza akiwa chuoni na kujivunia tangu hapo. Ilikuwa na mfumo wake kamili, inaweza kuwasha mashine hata Windows ikiwa mahututi, kisha fundi akaingia kwenye diski na kuchukua faili zake. Ikawaka vizuri. Alipofungua orodha ya diski, flashi ilijiona yenyewe tu. Diski ya ndani haikuwepo. Akabadilisha tundu. Akajaribu flashi ya pili aliyoinakili kutoka ile ya kwanza. Akafungua mgongo wa mashine, akaitoa diski, akaifuta, akairudisha. Hakuna kitu. Nje wateja wawili walikuwa wanakohoa kwa makusudi.

"Diski imekufa," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika." Angeishia hapo. Lakini ile "sawa" aliyoitoa kwenye simu ilikuwa bado inamkera. "Ningekuwa mtu wa kujulikana kwenu, labda ungeniletea mapema. Mambo ya kwenu mimi huambiwa yakishaharibika."

Phelesia alimtazama taratibu, kama anavyopitia orodha ya majina kabla ya kuchapa.

"Basi kaa nayo," alisema. "Mimi naenda kuandika kwa kichwa."

Akajitanda leso mabegani, akatoka. Maroa alipiga simu mara nne. Mara ya tano ilikuwa imezimwa.

Asubuhi ya Alhamisi alichukua mashine ile aipandishe kwenye rafu ya juu, mahali pa mashine zilizokwisha kazi, kila moja na utepe wenye jina la mwenyewe. Akakata utepe, akaandika Phelesia, na mkono ukasita kuubandika. Mashine zote za rafu ile alizihukumu baada ya kufanya jambo moja ambalo hii hakuifanyia. Mwalimu wake wa chuo cha ufundi alilirudia mpaka wakamchoka: kabla ya flashi yoyote, iulize mashine yenyewe.

Akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio yake ya ndani, ile inayofunguka kabla Windows haijaamka. Mstari wa tatu, diski ilikuwa imeandikwa pale: jina la kiwanda, ukubwa wake, kila kitu. Ilikuwa hai. Mashine ilikuwa inaijua muda wote. Flashi ndiyo haikuijua. Kiwanda kilikuwa kimeiweka diski katika hali iitwayo RAID, kama laptopu nyingi mpya zinavyokuja, na flashi yake ya miaka sita, aliyoizoesha mashine kuukuu, haikufundishwa kuisoma hali hiyo. Akabadilisha iwe AHCI, hali ya zamani ambayo flashi iliifahamu, akahifadhi, akaiwasha flashi upya.

Diski ikatokea kwenye orodha. Maroa akatafuta kiti akaketi.

Alinakili faili zote, akarudisha mpangilio ulivyokuwa ili Windows isije ikachanganyikiwa zaidi, kisha akafungua kijitabu kwenye mashine yake kuhakikisha ni kizima. Nyanya alicheka kwenye jalada, jino moja halipo. Ukurasa wa pili, kuzaliwa kwake. Wa tatu, ndoa. Ukurasa wa sita, wajukuu. Mstari wa nne ulisema: Phelesia Adhiambo na mume wake mtarajiwa, Maroa Chacha wa Kegonga.

Pembeni kulikuwa na dokezo la manjano ambalo Phelesia alijiandikia, akimtaja nyanya kwa Kijaluo: Dana amesema huyu asirukwe. Baba mdogo Nashon aambiwe kabla ya kuchapa.

Akasoma mara mbili. Halafu akafunga duka, wateja wakimwuliza anakwenda wapi.

Pikipiki yake ilipita Awendo ikizunguka malori ya miwa, ikapita Rongo bila kusimama, na kabla ya saa sita mchana ikaegeshwa nje ya kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Homa Bay. Phelesia alikuwa ndani, gauni jeusi lenye kola nyeupe, macho yamevimba. Kando yake mzee mwenye koti la kanisani na gambuti alikuwa anasoma nakala ya majaribio, kidole kikifuata maneno. Kwenye nakala ile, mstari wa Phelesia ulikuwa na jina moja tu.

"Diski haikufa," Maroa alisema kabla hata ya salamu. Akakumbuka adabu, akampa mzee mikono yote miwili, kisha akamgeukia Phelesia. "Nilikosea. Nilisema nina hakika, na sikuwa nimeangalia mahali pa kwanza pa kuangaliwa. Na yale mengine niliyosema hayakuhusu diski."

Akaweka flashi mezani. Phelesia hakuigusa.

"Ulikifungua?"

"Ilibidi nione kama ni kizima."

"Mpaka ukurasa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Ukurasa wa sita una nini?" mzee akauliza. Huyo ndiye Nashon.

Phelesia akachomeka flashi kwenye kompyuta ya mchapaji, akamgeuzia skrini. Mzee akasoma, akasoma dokezo, akavua miwani.

"Unaweza kulitoa jina langu," Maroa akamwambia Phelesia kwa sauti ya chini. "Sikuja ili nichapwe. Nimekuletea maneno ya nyanya."

"Wewe huwezi kulitoa. Hata mimi siwezi. Aliyeliweka yuko mochari."

Nashon akauliza mama yake alisema hayo lini. Mwezi wa nne, Phelesia akajibu. Tangu hapo kila siku alipanga kumwambia baba mdogo na kila siku alishindwa pa kuanzia, ndiyo maana Maroa alikuwa bado anazuiwa kuja. Mzee akataka kujua kama watu wa kijana huyu wameshakanyaga bomani. Bado.

"Nikichapa jina la mtu ambaye watu wake hawajafika," Nashon alisema, "Jumamosi ukoo mzima utaniuliza mbele ya jeneza."

Mchapaji akasimama na mkono kwenye swichi, akingoja. Mzee aliitazama ile picha ya jalada kwa muda mrefu.

"Kegonga ni mbali kiasi gani?"

"Nikipiga simu sasa hivi, Jumamosi asubuhi watakuwa wamefika."

"Waje kuomboleza. Mambo ya ng'ombe wa mahari yana siku yake. Ila waje wazee, waonekane." Akaikunja nakala ya majaribio mara nne, akaitia mfukoni. "Chapa hiyo ya mama."

Maroa akatoka kwenye kibaraza, akapiga simu. Mama yake alipokea kwa Kikuria, kuku wakisikika nyuma yake. Nyuma ya Maroa mashine ikaanza kunguruma, na Phelesia akaja kusimama kando yake.

"Mwambie avae ile leso ya buluu," alisema. "Dana aliipenda kwenye picha."

Maroa akaondoa simu sikioni. "Ulimwonyesha picha ya mama?"

"Mwezi wa pili. Ndiye niliyekuwa nikingoja akubali."

Kwenye simu mama bado alikuwa anauliza ni nani aliyefariki. Maroa akairudisha sikioni.

"Nyanya yetu," akasema.