Kipimo Kilichofundishwa Uongo

Maiti alikuwa amelala chali kitandani, macho nusu wazi, kofia ya kufuma kichwani. Kofia ilikuwa ya rangi ya waridi, lakini ukingo wake, pale ulipogusa paji la uso, ulikuwa kijani kama kuvu.

"Afande, huyu ameanza kuota majani," konstebo alinong'ona.

"Kama unaogopa, toka ukaogopee nje."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vinavyolia kwi-kwi. Mwenye hatia akisikia kwi-kwi hizo mlangoni, chai humtokea puani.

Marehemu alikuwa fundi saa. Kuumwa kwake kulikuwa kwa ajabu. Kope zilimwangukia zenyewe, koo likamkauka, ulimi ukawa mzito, lakini akili ilikuwa timamu. Na kila aliyeingia kumjulia hali, mgonjwa alimwona ni wawili. Jirani mmoja aliulizwa mbona leo amekuja na pacha wake. Jirani hana pacha. Alitoka mbio na sahani yake hajairudia mpaka leo.

Mtaani wakasema ni mizimu. Daktari mchunguzi wa maiti akasema vingine.

"Ni sumu ya vijidudu, Inspekta. Huzaliana kwenye chakula kilichofungiwa chupani bila asidi ya kutosha. Huanza na macho, mtu akaona viwili viwili, huishia kwenye pumzi."

Hapo macho ya mtaa mzima yakamgeukia mjane. Kazi yake ilikuwa kufungasha maharage machanga na karoti kwenye chupa za siki, na jina lake halisi watu walishalisahau. Walimwita Mama Chupa.

Aliwaongoza stoo. Chupa zilijaa ukuta mzima, karoti zimesimama ndani yake kama vidole. Kulikuwa kimya. Kisha: tik. Kidogo, upande wa pili: tik.

"Nani anagonga?" konstebo aliuliza, tayari ameshika kitasa cha mlango.

"Mifuniko," alisema Mama Chupa. "Inavimba. Za zamani hazikuwa hivi. Hizi za karibuni ndizo."

"Mumeo alizila hizi?" Inspekta aliuliza.

"Kila mlo."

"Na wewe?"

"Mimi tumbo langu halielewani na siki, Afande."

"Tumbo lako lina bahati."

"Ndivyo wanavyoniambia wote, tena bila kunitazama usoni." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kama ni mimi niliyemuua mume wangu, nifungeni. Lakini mnionyeshe kwanza nilikosea wapi. Siwezi kukaa jela nikikisia."

"Basi nionyeshe unavyofanya. Usiruke kitu."

Jikoni, Mama Chupa alitoa kipimo chake cha pH, yaani cha ukali wa asidi, kidude chembamba chenye ncha ya kioo. Aliisuuza ncha kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi wala asidi, akaikausha kwa kitambaa laini, kwa kugusagusa tu, kama anayempangusa mtoto pua.

"Kila kabla ya kazi nakirekebisha. Haya ni maji ya saba, na haya ya nne. Nikikitia kwenye saba, kisome saba. Nikikitia kwenye nne, kisome nne. Kikikosea, nakaza hii skrubu mpaka kikubali. Halafu ndiyo napima chupa. Ikizidi nne nukta sita, asidi haitoshi, siifungi hata uniue."

Kipimo kilisoma saba. Kwenye maji ya nne, yenye rangi ya waridi, kikasoma nne.

"Hakina kosa," konstebo alisema.

"Hakijawahi kunisumbua," alisema Mama Chupa. "Ila siku moja hapo katikati niliizungusha sana ile skrubu. Nikasema basi, ncha imezeeka kama mimi."

Akamwaga maji ya nne yaliyokuwa kikombeni kwenye sinki lililojaa povu la sabuni.

Yale maji ya waridi yalipogusa povu yakageuka kijani, yakatambaa polepole kuelekea tundu la sinki.

Konstebo alirudi nyuma hadi akakutana na jokofu. Inspekta yeye aliinama, pua karibu iguse povu.

"Huwa yanafanya hivi?"

"Sijawahi kuyamwaga kwenye sabuni."

"Una mengine, ambayo hayajafunguliwa?"

Palikuwa na pakiti ya unga wa kutengenezea maji ya nne kabatini. Mama Chupa aliukoroga kwa maji ya betri. Yakatoka ya waridi vilevile. Inspekta akamimina kidogo pembeni, akayadondoshea sabuni: yakabaki waridi. Akachovya kipimo kwenye yaliyobaki. Kikasoma tatu.

Mama Chupa akaketi. "Tatu? Hayo ni ya nne! Basi kinanipunguzia moja nzima. Nikifunga chupa kikisema nne, kumbe ndani ni karibu tano. Kinasema uongo!"

"Kimefundishwa uongo, mama. Kwenye chupa yako ya maji ya nne mtu ametia maji yake, akayatia rangi." Inspekta akalitazama tena povu la kijani. "Ile kofia ya marehemu nani aliifuma?"

"Wifi yangu. Nyuzi anazitia rangi ya maua. Nzuri, lakini nilipofua ukingo kwa sabuni ukageuka kijani. Wifi alininunia sana."

"Huwa anakuja hapa?"

"Kila wiki. Tena ananisaidia kuosha vyombo. Zamani haondoki bila chupa mbili. Siku hizi anasema ameacha siki."

Dada wa marehemu alikuwa ameketi peke yake sebuleni kwake, nyuzi za waridi zikidondoka maji kwenye beseni. Mbele yake palikuwa na kiti kitupu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha.

Kwi-kwi. Akainua uso.

"Uliacha siki lini, mama?" Inspekta aliuliza.

"Hivi karibuni."

"Tangu mifuniko ilipoanza kuvimba?"

Tone likadondoka kutoka kwenye nyuzi.

Inspekta akamimina kwenye kisahani maji ya nne kidogo yaliyobaki chupani kwa Mama Chupa, akatia sabuni. Kijani.

"Uliyapimaje?"

"Kwa kipimo chenyewe," alijibu taratibu. "Kilipokuwa bado kinasema kweli."

"Kwa nini?"

"Kaka alikula mkononi mwangu tangu tulipofiwa na mama. Akaja huyo na chupa zake. Nikipeleka chakula, kaka anasema weka pale, nitaonja. Hata kofia yangu ameiharibu! Nilitaka zioze tu, zipasuke, mtaa umcheke. Kaka akionja atatema. Kilichooza si kinanuka?"

"Hiki hakikunuka."

"Hakikunuka," alikubali.

"Na alipougua? Ungemwambia daktari."

"Ningesema, wifi angekuwa msafi na mimi mchafu. Nikajipa moyo, kesho ataamka." Akatazama vidole vyake. "Siku ya mwisho alinitazama akasema: Dada, mbona mmekuja wawili? Wewe kaa. Huyo mwenzako anayecheka, mtoe."

"Ukafanyaje?"

"Niligeuka, Afande. Nikamwona."

Inspekta akampa ishara konstebo. Pingu zikafunga mikono myekundu. Mwanamke alisimama bila ubishi, akafika mlangoni, akageuka kukitazama kile kiti kitupu.

"Na huyu je? Mnamwacha?"

Konstebo, ambaye alikuja na pingu jozi moja tu, alitoka wa kwanza.