Mke Mwenza wa Gereji

Fundi Sikio hakuhitaji kulala chini ya gari. Likikata kona likalia kaka-kaka, alijua tayari: shafti ya gurudumu la mbele ina matatizo. Lakini gari hili lilikuwa la mkewe mpya, na shafti zote mbili alizifunga mwenyewe Jumatatu. Leo Alhamisi, linalia.

"Akili ilikuwa kwa marehemu, siyo?" mkewe alimtania.

Utani una mwiba. Kwa miaka kumi na moja, marehemu mkewe wa kwanza ndiye aliyekaa kwenye usukani na kushika breki, ili gurudumu lisizunguke fundi anapofungua nati kubwa ya shafti. "Kanyaga, mpenzi!" "Nimekanyaga!" Mtaa mzima uliwasikia. Mke mpya alisimuliwa yote hayo, na wivu ukamkaa rohoni.

Saa nne asubuhi fundi akainama na spana upande wa kushoto. "Kanyaga, mpenzi!" Mazoea yana taabu. Breki ikashika, nati ikalegea. Ndipo mkewe akatokea jikoni na chai.

"Samahani nimechelewa. Nije kukanyaga?"

Fundi akachungulia ndani. Kiti kilikuwa kitupu, kina joto, kinanukia mafuta ya karafuu ya marehemu. Akakimbilia upande wa kulia. Nati aliyoikaza Jumatatu na kuigonga kwa patasi isilegee ilikuwa imelegezwa, inazunguka kwa vidole. Kona chache zaidi, na gurudumu lingechomoka mkewe akiwa ndani.

Mganga alikuja, akasoma, akasema, "Marehemu haji mwenyewe. Wewe ndiye unayemwita. Maneno yale usiyatamke tena."

Fundi akaapa. Akawa anazuia gurudumu kwa chuma, na miezi mitatu ikapita kwa amani.

Lakini wivu hauna mganga. "Mimi huniiti hivyo," mkewe alimnong'oneza siku moja. "Unamtunzia maneno yake." Akapanda garini, akaweka mguu kwenye breki, akagoma kushuka mpaka aitwe kama alivyoitwa mwenzake, na fundi akamsihi, akamkumbusha ile nati, akamshika mkono amtoe, lakini mwanamke alikuwa analia kwa uchungu kiasi kwamba huruma ikamshinda na kiapo kikamponyoka.

"Kanyaga, mpenzi."

"Nimekanyaga," zikajibu sauti mbili.

Harufu ya karafuu ikajaa gereji. Mkewe hakugeuza hata shingo.

"Mume wangu," alinong'ona, "mwambie atoe mguu. Ameukanyaga wangu."