Marahaba ya Korongoni

Mguu umepona. Notburga alikuwa amelisema neno hilo tangu asubuhi, kwa kila aliyepita mlangoni pake, na kila mmoja alitazama kifundo chake cha mguu akatikisa kichwa.

"Umepona wapi nawe unachechemea?" aliuliza Walburga, jirani yake, huku amepiga magoti anamfunga bendeji upya. "Keti, mama. Korongo halihami."

Keti, keti, keti. Wiki tatu alikuwa akiambiwa keti.

Aliteleza kisimani, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Ursula, wa miezi kumi, hakuumia hata ukucha, lakini mama aliteguka, mguu ukavimba kama kiazi. Mama mkwe wake, Bibi Kunegunda, akavuka korongo akaja kumchukua mjukuu, "mpaka mguu ukae sawa." Ulikuwa wema, na Notburga aliuona hivyo. Lakini kila jioni alikamua maziwa kwenye kikombe ili yasikauke, na kila jioni kikombe kilipungua. Jana yalitoka matone tu. Siku mbili tatu zaidi, ziwa lingekauka kabisa.

Mumewe, Valence, alikuwa Mbinga kwenye mavuno ya kahawa. Rupert wa bodaboda aliahidi kumpeleka Notburga ng'ambo saa nane. Saa tisa akasema yuko njiani. Saa kumi simu yake haikupatikana.

Notburga akasimama.

"Unakwenda wapi?" Walburga akauliza.

"Kumfuata mwanangu."

"Kwa miguu? Na baridi hii ya Madaba? Basi ulale huko huko kwa mkweo."

"Nitarudi leo leo."

"Mbishi kama mbuzi wa Kajetani," alinung'unika Walburga. Hata hivyo alivua sweta lake, akamvika, kisha akamkatia fimbo ya mwanzi.

Ulikuwa mwezi wa saba, na ukungu ulikuwa umelala korongoni tangu alfajiri, haukuinuka. Njia iliteremka katikati ya mianzi. Kila hatua mguu ulichoma. Notburga alishuka kwa makalio palipoteleza, akachafua kitenge, akamlaani Rupert, akatubu, akamlaani tena. Machozi yalimtoka kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. Korongo hili alilivuka akiwa na mimba ya miezi minane, tena anaimba.

Kule chini kabisa kulikuwa na magogo mawili ya kuvukia mto. Kabla ya magogo, pembeni mwa njia, aliona kitu kimeinama ndani ya ukungu. Kidogo. Kama mtoto wa shule anayefunga mzigo wa kuni.

"Shikamoo," kikasema.

"Marahaba," akajibu Notburga bila kutazama vizuri. Nani huchagua neno hilo? Watoto humsalimu mtu mara kumi kwa siku, na jibu hutoka lenyewe, kama kupiga chafya.

"Asante, mama."

Notburga akasimama.

Sauti ile haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya kikongwe.

Harufu ikamfikia puani, ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha mkono ukamshika kifundo cha mguu, juu ya bendeji. Ulikuwa baridi kuliko mto.

Akatazama chini.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kuni. Na mguu… haukuuma tena.

Aliukanyagia. Akaukanyagia tena, kwa nguvu. Hakuna maumivu. Akavuka magogo karibu mbio, akajiambia ni damu imechangamka kwa kutembea. Ila moyoni alisema asante, maana alikuwa mtu wa kushukuru, hata asipojua anamshukuru nani.

Ursula alipomwona alipiga kelele za furaha. Alinyonya kwa pupa, mkono mmoja umeng'ang'ania sweta la Walburga, na maziwa yakashuka. Kidogo, lakini yakashuka. Notburga alilia kimya kimya.

Bibi Kunegunda alikwenda jikoni. Alileta beseni la maji ya moto na chumvi, akamfungua mkwewe bendeji mwenyewe, kama anavyofungwa na kufunguliwa mtoto. Akauingiza mguu majini.

"Yanaunguza?"

"Hapana, mama. Ya baridi."

Bibi akatumbukiza kidole, akakitoa upesi. Maji yalikuwa ya moto sana.

Akauinua mguu kwenye mwanga wa mlango. Kuzunguka kifundo palikuwa na alama za vidole, nyeusi.

"Umekutana na nani korongoni?"

Notburga akamwambia. Salamu. Jibu. Asante, mama.

"Uliitikia marahaba?" Bibi alisema kwa kunong'ona. "Wewe? Kwa kikongwe?"

"Nilidhani mtoto."

"Marehemu baba yangu alifanya kazi na watu wa Pwani. Wao walimwambia shikamoo maana yake nashika miguu yako. Sisi tunalisema tu. Lakini wako wanaolisema kwa maana yake. Anakuomba mguu… nawe unasema marahaba, karibu." Akazigusa zile alama. "Tazama vidole vilivyoelekea juu. Mtu akiinama kukushika, vidole hutazama chini. Huyu alikushika akiwa chini yako."

Paka alitoka jikoni akapita mbali na beseni.

"Lala hapa," Bibi akasema. "Kesho tutamwita katekista."

Angelala. Mtu mwingine yeyote angelala. Lakini neno lile, lala, lilimwingia kama mwiba pale pale palipochomwa na keti kwa wiki tatu. Kesho katekista, keshokutwa mganga wa kukanda, halafu mtoto abaki tena mpaka mguu ukae sawa.

"Nakwenda nyumbani kwangu, mama. Mguu hauumi."

Bibi Kunegunda aliufuta mguu, akaurudishia bendeji. Kisha akamfunga mtoto mgongoni mwa mama yake, akakaza mbeleko, akamwekea rozari shingoni.

"Basi akikusalimu, usiitike. Hata akilia, usiitike."

Jua lilikuwa linazama alipoanza kuteremka. Mguu mzima ulisitasita. Mguu mgonjwa ulikwenda wenyewe, unajua kila jiwe, unamvuta. Mianzi ililia kwii… kwii… bila upepo.

Akayakanyaga magogo.

Mguu ukagoma.

Alivuta. Ulikuwa kama umepigiliwa msumari. Chini ya gogo, maji yaliacha kupiga kelele.

"Shikamoo, mama."

Notburga alibana meno. Hakujua kabla ya hapo jinsi ilivyo vigumu kumnyima mtu jibu la salamu. Tangu utotoni alifundishwa kwamba asiyeitika ni mnyama. Neno lilimjaa mdomoni kama mate.

"Shikamoo… nina baridi, mama."

Hakuitika.

Harufu ya majivu ikapanda, ikapita magoti, ikapita kiuno, ikasimama nyuma yake. Sauti ikawa laini, ya kubembeleza, sauti ya bibi anayemchezea mjukuu.

"Shikamoo, Ursula."

Mtoto akacheka.

"Ma…" akasema Ursula.

Notburga alirusha mkono nyuma ya bega, akamwingiza vidole mdomoni. Mtoto akamng'ata. Mama hakuutoa mkono. Akapata wazo moja tu, wazo la mtu aliyelelewa vizuri. Mdogo ndiye humwamkia mkubwa.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Mto ulikaa kimya. Kisha, taratibu, kama mtu ambaye hajaamkiwa miaka mingi sana:

"Marahaba, mwanangu."

Mguu ukaachiwa. Maumivu yakarudi yote kwa mara moja, na Notburga aliyapokea kama ndugu. Alipanda akiburuta mguu, akiteleza, fimbo ikavunjika. Mzigo ulikuwa mzito kuliko mtoto wa miezi kumi. Kila alipovuta hatua, kitu kilivutika nyuma yake juu ya majani makavu. Hakugeuka.

Akiwa karibu na nyumba za watu ndipo alipoyafikiria maneno ya Bibi. Nashika miguu yako. Naye alikuwa amelisema neno hilo, shikamoo, na akaitikiwa.

Alikuwa ameshika miguu ya nani, akaja nayo mpaka kwake?

Walburga alimpokea na uji wa moto, hata fimbo hakuikumbuka. Alipokuwa akitoka, Walburga alisita mlangoni, akanusa. "Umemwaga maji jikoni? Majivu yananuka."

Sasa mguu umepona kweli. Katekista alikuja, akasali, akaondoka mapema. Bibi Kunegunda haji. Hutuma mboga, na mletaji huiacha nje ya kizingiti. Maziwa yamerudi tele, na watu humsifu Notburga kwa mtoto alivyonawiri.

Ila jioni, ukungu ukipanda kutoka korongoni, Ursula hugeuza kichwa akatazama chini ya kitanda, akacheka, kama mtu anayesalimiwa.

"Ma…" husema.

"Anakuita," Walburga alimwambia juzi, kwa furaha. "Mbona humwitikii mwanao?"

Notburga alimnyakua Ursula. Kila mara humuwahi. Humziba mdomo kwa ziwa kabla neno halijaendelea, naye humnyonyesha mpaka giza lishike na kicheko kiishe.

Lakini Ursula ana meno sita sasa, na anapenda zaidi uji. Jana aliling'ata ziwa, akalitema, akainama ukingoni mwa kitanda.

"Ma…" akasema. "Ra…"